Sehemu ya Thelathini na Nane

Gereza la Shipo, Bweni la Nne
9 Machi 2001

Dada Cuifang,

Sweta limefika. Mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine, lakini lina joto. Askari walifumua pindo wakitafuta kitu, hawakukuta, wakanirudishia pamoja na sindano ili nilishone mwenyewe.

Nina habari ambayo haitakufurahisha, kwa hiyo naiweka mbele. Kila nusu mwaka tunapewa karatasi ya kukiri kosa. Miaka sita na nusu nimeirudisha tupu, ndiyo maana sijawahi kupunguziwa hata siku moja. Safari hii nilikuwa nimeamua kuijaza. Nimechoka, dada. Nilishaandika: "Mimi Geng Shutian, fundi umeme, kwa uzembe wangu niliunguza ghala la pamba na kusababisha kifo cha mlinzi Mao." Ilibaki kutia dole gumba tu.

Jioni hiyo, baada ya taarifa ya habari, wakatuwekea tamthilia mpya, Ngoma ya Lango la Kusini. Ni ya zama za wafalme. Tulikaa kumi na wawili kwenye vigoda, mikono magotini, kama watoto wa darasa la kwanza. Mfua chuma aitwaye Tian anatuhumiwa kumuua mtoza kodi. Wakamletea maungamo na wino mwekundu. Akakunja ngumi. Wakampiga, hakuikunjua. Ndipo Hakimu Shi, mgeni katika wilaya ile, akalifungua jalada akalisoma lote, watu wamesimama wanamngoja. Dakika nzima mtu anasoma tu! Kisha akauliza, "Nyundo yake iko wapi?" Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo.

Mzee Pu, aliyefungwa kwa kughushi mihuri na ambaye hucheka hata msibani, alisema, "Hakimu kama huyo kwetu angekaa wiki moja, halafu wangempandisha cheo akahesabu mbuzi mpakani." Lakini alisema taratibu, na macho hakuyaondoa kwenye kioo.

Mimi niliwaza fyuzi zangu mbili. Nilizing'oa kwenye ubao wa umeme wa ghala siku moja kabla ya moto, kwa hiyo usiku ule ghala halikuwa na umeme. Siku waliponikamata zilikuwa mfukoni, na zimeandikwa kwenye orodha ya vitu vyangu: "Fyuzi za kauri, mbili." Zimo ndani ya jalada. Hakuna aliyeuliza ni za wapi.

Asubuhi niliichana ile karatasi.

Msalimie Mama.

Mdogo wako,
Shutian


Kijiji cha Gengzhai
25 Machi 2001

Shutian,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye mizani ya mbegu, nikakosea uzito wa gunia la mtu. Miaka kumi na tisa kazini halijawahi kunitokea.

Sasa nisikilize. Mama ana uvimbe kwenye ini. Sikukuandikia mapema kwa kuwa nilitaka uhakika, na uhakika umekuja. Daktari wa wilaya aliniita nje ya mlango akasema majira ya kuchipua ya mwakani tusiyategemee. Ukikiri sasa, utapunguziwa mwaka mmoja na nusu, utatoka Februari, kabla ya Mwaka Mpya wetu. Usipokiri, ni Agosti 2003. Shuleni ulinishinda hesabu. Piga na hii.

Ukweli nani asiyeujua? Mimi naujua, Mama anaujua, na aliyewasha moto anaujua. Karatasi haibadilishi kitu.

Huyo hakimu wako ni mwigizaji. Ndevu zake ni za gundi. Akimaliza anavua kofia, anakwenda kula tambi zake.

Mama naye anaitazama tamthilia hiyo, kwa jirani yetu Mama Qin, maana televisheni yetu haionyeshi rangi. Anabeba kigoda chake na chupa ya dawa. Jana Hakimu Shi alimwinua kikongwe aliyepiga magoti, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Mama akalia. Mama Qin akamwambia, "We bibi wewe, unamlilia mtu wa kwenye kioo?" Mama akajibu, "Simlilii yeye. Nalilia kile kiti."

Anataka kukuona. Tia dole.

Dada yako,
Cuifang


Gereza la Shipo
14 Aprili 2001

Dada,

Siku mbili sikuweza kuandika. Kisha nikapiga hesabu uliyoniambia, mara nyingi, na jibu ni lile lile. Lakini siwezi.

Nitakueleza sababu, ucheke ukitaka. Kwa miaka hii yote nilidhani nimekataa kwa ukaidi. Afande Lei, askari wa bweni letu, ananiita kichwa cha punda, na nilishaanza kumwamini. Nilipomwona Tian anakunja ngumi, nikajua kuwa nina kitu mkononi. Nikikiachia, miaka sita na nusu itakuwa ya mtu mwenye hatia. Mama ataletewa mwanawe, lakini mhalifu.

Adhabu imeshatoka. Kwa kuwa nimechana karatasi, bweni zima limenyimwa televisheni miezi mitatu. Tulikuwa tumefika sehemu ya thelathini. Wenzangu kumi hawasemi nami. Jana mtu alimwaga uji kwenye viatu vyangu. Mzee Pu peke yake ndiye aliyenijia. "Kichwa cha punda," akasema, "una dada anayejua kuandika. Atusimulie. La sivyo watakunyonga na hilo sweta lako, na mkono ule mrefu unatosha."

Kwa hiyo nakuomba. Kuanzia sehemu ya thelathini na moja. Barua za namna hiyo Afande Lei hazizuii, naye anaifuatilia.

Mwambie Mama anisubiri.

Shutian


Kijiji cha Gengzhai
2 Mei 2001

Shutian,

Nimekukasirikia, na bado nimekasirika. Lakini nimekaa kwa Mama Qin jioni nne, maana siku hizi hawaionyeshi kila siku, na daftari la kituo cha pamba, nikaandika kama ninavyoandika uzito, bila kuongeza.

Sehemu ya 31: Hakimu Shi anamtuma karani kuitafuta nyundo. Karani ni mtu wa tajiri Fan, anarudi mikono mitupu. 32: Shi anakwenda mwenyewe kwa miguu, anaikuta kwa mkopeshaji, imewekwa rehani siku tatu kabla ya mauaji. Mama Qin akapiga paja, "Ameshaachiwa!" Nikamwambia angoje. 33: Mkuu wa jimbo, ambaye amemwoza binti yake kwa Fan, anasema mkopeshaji ni mwongo na anampa Shi siku kumi tu. 34: Tian anavishwa ubao wa shingoni, anasimamishwa langoni juani. Mkewe anaipiga ngoma ya malalamiko tangu asubuhi hadi ngozi ya ngoma inapasuka. Anaendelea kupiga mbao.

Watu ishirini na saba walikuwa wamejazana kwa Mama Qin, wengine dirishani. Msimamizi wa kituo alikuwepo, yule aliyeshika zamu ya mtu mwingine usiku wa moto na hakuitwa kutoa ushahidi. Alikuwa analia kama wengine. Nikashangaa: hivi kila mtu akitazama anajiona yeye ndiye Tian?

Mama hakuwepo wiki iliyopita. Alikwenda kwa mjomba siku chache pamoja na Mama Qin, wakarudi mimi nikiwa kazini, na sasa anasema ataondoka tena. Nimemkataza. Unamjua.

Cuifang


Gereza la Shipo
20 Mei 2001

Dada,

Nimesoma barua yako mara tatu kwa sauti. Mara ya kwanza kwenye karakana ya glovu, wakati wa chakula. Mtu wa uji akasogea karibu, nikajifanya sikumwona. Mara ya pili waliitaka tena nyundo. Mara ya tatu Afande Lei alisimama mlangoni akasema, "Rudia hapo kwa mkopeshaji."

Umeuliza kama kila mtu anajiona Tian. Nami nimeliangalia hilo hapa. Tuko kumi na wawili. Tisa walifanya waliyofungiwa na hawafichi. Huyu aliiba shaba, yule alimvunja jirani taya. Kwa nini wanamtaka Hakimu Shi? Nilimuuliza mwizi wa shaba. Akanijibu, "Mimi kesi yangu ilichukua dakika kumi na moja. Niliiba, sawa. Lakini hakuna aliyeniuliza kwa nini. Ningeulizwa, ningelala." Nadhani ndiyo hiyo. Hawatafuti kuachiwa. Wanatafuta mtu wa kuwauliza swali na kungoja jibu.

Mzee Pu ana yake: "Wema wa tamthilia ni rahisi, mwandishi kaulipiwa. Lakini umesahaulika kwetu kiasi kwamba tunaukumbuka kwa kuuona." Kisha akaona amesema la maana, akaharibu: "Na mke wa Tian ana miguu mizuri."

Wanasubiri mwisho. Nami nasubiri. Niandikie hali ya Mama bila kuzunguka.

Shutian


Kijiji cha Gengzhai
8 Juni 2001

Shutian,

Mama amerudi, halali kifudifudi tena, tumbo limejaa. Anakula uji vijiko vitano. Hapo sijazunguka.

Sasa tamthilia, imekwisha juzi. Sehemu ya 35 hadi 37 ni mkuu wa jimbo kuwahonga mashahidi, na Shi kukataa dhahabu, na siku kuisha. Haya hayana kipya.

Sehemu ya 38 ndiyo unayotaka. Tian ana mama mgonjwa mlimani. Ndiyo kwanza anaonyeshwa. Usiku wa siku ya kumi Hakimu Shi anaingia mahabusu peke yake, anaketi kwenye majani, anamwambia: "Tia dole. Ukikataa utakufa na ubao shingoni. Ukikiri utapelekwa kazi ya kujenga ngome, na njia ya ngome inapita mlimani kwa mama yako. Haki humtafuta aliye hai. Maiti hasimami barazani." Tian anamtazama sana. Kisha anakunjua ngumi. Anatia dole, huku Shi amemshikia taa. Anamwona mama yake. Mwaka wa pili Shi anapandishwa cheo, analifungua tena jalada, Fan anashikwa, na yale maungamo yanachomwa moto mbele ya watu.

Mama Qin na wote walilia. Hata mimi.

Ndiyo hivyo, mdogo wangu. Hata yeye.

Cuifang


Gereza la Shipo
24 Juni 2001

Dada,

Niliwasomea. Kulikuwa na ubishi mkubwa. Mzee Pu alikasirika kabisa. "Mama katokea wapi? Sehemu thelathini na saba mtu hana mama, leo kapata? Na Shi hasemi hivyo. Mwandishi alichoka, au alitishwa." Nikamwambia kila mtu ana mama. Akasema, "Kwenye tamthilia hana, mpaka aonyeshwe."

Sikulala siku tatu. Nilijaribu kukasirika na Tian, nikashindwa. Kama yeye, ambaye alipigwa hadi mfupa ukaonekana, aliona kuna njia ya kukunjua mkono na bado kubaki mwenyewe, mimi ni nani?

Tarehe 20 nilitia dole. Afande Lei alishangaa. Akanipa kitambaa nifute wino. Amesema kupunguziwa kutapita bila shida. Februari, dada.

Mwambie Mama. Mwambie ajilazimishe kula.

Shutian


Kijiji cha Gengzhai
15 Julai 2001

Shutian,

Barua imefika. Umefanya vyema.

Mama hana maumivu tena. Joto ni kali, mahindi yamechelewa. Nimekuandalia chumba cha mashariki. Usiniandikie mara kwa mara, stempu zimepanda, na kituo kina kazi nyingi.

Cuifang


Gereza la Shipo
30 Agosti 2001

Dada,

Mambo mawili. Nakuomba ujibu yote.

La kwanza. Televisheni tumerudishiwa, na kwa kuwa wanafunzi wako likizo, wanarudia Ngoma ya Lango la Kusini, sehemu mbili kila siku. Jana tulitazama ya 38. Tian hana mama. Shi haingii mahabusu. Tian anasimama langoni siku tatu, ngumi imefungwa, na mkuu wa jimbo hawezi kulipeleka jalada mji mkuu kwa sababu halina dole la mtuhumiwa. Siku hizo tatu ndizo Shi anazopata kumfikia shahidi. Tian anaachiwa kwa sababu hakutia dole. 

La pili. Leo asubuhi nimepewa barua ya Mahakama ya Juu ya Jimbo. Naiandika kama ilivyo: "Kuhusu ombi la Bibi Hou Guizhi, mama wa mfungwa. Mapitio yaliyofunguliwa tarehe 17 Mei kwa msingi wa orodha ya vitu, kipengele cha saba, yamefungwa, kwa kuwa mfungwa amekiri kosa kwa hiari yake tarehe 20 Juni." Kipengele cha saba ni fyuzi.

Mama alikwenda jimboni lini? Na kwa nini nayasikia haya kwa mahakama, si kwako?

Shutian


Kijiji cha Gengzhai
12 Septemba 2001

Shutian,

Nitakupa kwa tarehe, maana nikiandika vingine nitajitetea.

Tarehe 24 Aprili Mama na Mama Qin walipanda basi kwenda mji mkuu wa jimbo. Hakuwa kwa mjomba. Nilijua. Alisimama kwenye dirisha la malalamiko la mahakama siku nne na kibao cha boksi. Walimrudisha. Tarehe 14 Mei akaenda tena. Karani mmoja akamwambia, "Bibi, utaanguka hapa." Akamjibu, "Nikianguka nitakuwa mbele ya mlango wenu, si wangu." Wakaichukua karatasi yake ya ombi. Tarehe 18 alirudi na kunishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo: "Wameuliza, Cuifang. Wameuliza fyuzi ni za wapi."

Akaniambia nikuandikie, usitie dole kwa hali yoyote. Nikasema nitaandika. Sikuandika. Nimeona watu wengi wakienda na vibao, na hurudi na vibao. Niliona una mama wa miezi michache na mahakama ya miaka kumi, nikachagua moja. Wewe ulikuwa hunisikilizi, ulimsikiliza Tian. Nikamsemesha Tian.

Tarehe 8 Juni niliiandika ile barua mezani, hatua mbili kutoka kitandani kwake. Akauliza, "Unamwandikia nini?" Nikasema namsimulia tamthilia. Akasema, "Msimulie vizuri, wenzake wanangoja."

Alifariki tarehe 3 Julai, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Barua yako ya kutia dole ilikuwa kwenye aproni yangu tangu siku moja kabla. Sikumsomea. Alikufa akijua umekunja ngumi.

Kwa hiyo nilimnyima kukuona, nikakunyima kesi, na hakuna nilichopata. Sikuombi kitu.

Cuifang


Gereza la Shipo
6 Oktoba 2001

Cuifang,

Wiki tatu zilizopita sikuweza kushika kalamu. Watu wa bweni walinipangia kigoda, wakaweka tufaha na mkate wa mvuke, nikainama mara tatu kuelekea upande ninaodhani ni Gengzhai. Mzee Pu alinirekebisha. Nilikuwa nimeelekea jikoni.

Jana nimeandika kufuta maungamo. Afande Lei alinikalisha akaniuliza mara mbili kama naelewa. Naelewa. Punguzo limefutwa, na adhabu nyingine imeongezwa: mwaka huu wote sitapokea mgeni. Nitatoka Agosti 2003.

Hapa wananiuliza kwa nini nisingoje tu Februari, niondoke, mama ameshakufa. Nilitia dole ili nimwone. Hilo halipo tena. Imebaki karatasi inayosema niliua mtu.

Mahakama inasema maungamo yakishafutwa, ombi linaweza kuletwa upya, lakini lazima liletwe na ndugu wa damu, na lazima lieleze kwa nini mfungwa alikiri. Ndugu wa damu aliyebaki ni wewe.

Usiniulize kama nimekusamehe. Niulize mwaka mwingine.

Shutian


Kwa: Mahakama ya Juu ya Jimbo, Ofisi ya Malalamiko
Kutoka: Geng Cuifang, miaka 44, mpima mizani, Kituo cha Pamba, Kijiji cha Gengzhai
19 Oktoba 2001

Waheshimiwa,

Naleta upya ombi la marehemu mama yangu, Hou Guizhi, kuhusu ndugu yangu Geng Shutian. Nimeambatisha nakala ya orodha ya vitu, kipengele cha saba, na jina la mtu aliyekuwa zamu kwenye kituo usiku wa moto, ambaye hakuitwa. Ndiye msimamizi wangu kazini. Anajua kuwa naandika, na amenihamisha kutoka mizani kwenda kufagia.

Mmetaka maelezo kwa nini mfungwa alikiri. Maelezo ni haya, na najua yatawachekesha. Kuna tamthilia iitwayo Ngoma ya Lango la Kusini. Bila shaka mmeitazama. Hata msimamizi wetu aliitazama. Ndugu yangu alinyimwa kuitazama, akaniomba nimsimulie. Nilimsimulia kweli hadi sehemu ya thelathini na saba. Sehemu ya thelathini na nane niliibuni, ili akiri na mama amwone kabla hajafa. Barua yangu ya tarehe 8 Juni ilifunguliwa na kugongwa muhuri gerezani; mnaweza kuiitisha. Ilinganisheni na tamthilia.

Maneno yaliyomfanya akiri ni yangu. Cha kwake ni mkono tu.

Karani wenu wa kwanza ameniambia mahakama haiwezi kufungua kesi kwa sababu ya kipindi cha televisheni. Wa pili ameniambia nirudi mwakani. Sikurudi nyumbani. Kama kuna adhabu kwa aliyeidanganya serikali kupitia ndugu yake, itolewe kwangu, na msihangaike kunitafuta kijijini. Nipo hapa nje, foleni ya dirisha la tatu, mwenye koti la kijivu. Mbele yangu kuna watu sitini na wawili.

Geng Cuifang